Vipande Vilivyochanika

Lilian ndiye aliyenitaka niandike. Alisema, "Mama Salim, ukiondoka na hayo yote kichwani, sisi tutamuuliza nani?" Nilimjibu kwamba simu yangu haistaafu. Kesho yake akaniletea daftari jipya na kalamu mbili, na mtu akishakuletea kalamu mbili huwezi tena kumwambia huna kalamu.

Basi haya ni ya Lilian na wenzake waliobaki kwenye chumba cha kukatia tishu za wagonjwa. Sitawasimulia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza halina mvuto na la pili litawavunja moyo. Nitawaambia nilivyoanza, nani alinifundisha, na mahali nilipokosea, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza kitu.

Nilizaliwa Kaloleni, katika zile nyumba za kanjo, yaani baraza la mji. Babu yangu alitoka pwani akiwa fundi wa cherehani, akaoa Mjaluo wa Seme, na sisi wajukuu tukakua tukimwamkia nyanya kwa Kijaluo na kumsomea babu Kurani. Nilisomea kazi ya maabara nikidhani nitapima malaria maisha yangu yote, maana Kisumu malaria haikosi wateja. Lakini siku niliporipoti hospitalini, karani aliangalia orodha yake, akaangalia vidole vyangu, akasema, "Wewe nenda kwa Mzee Odhiambo." Mpaka leo sijui aliona nini kwenye vidole.

Chumba cha Mzee Odhiambo kilikuwa mwisho kabisa wa korido, jirani na mochari, kwa hiyo wageni hawakutusumbua. Mzee alikuwa mwembamba, miwani yake ameifunga kwa uzi, na alifanya kila kitu polepole kama mtu anayemnyoa mtoto aliyelala. Hakuniuliza cheti. Alinipa brashi ndogo ya rangi, akaniambia, "Keti hapa, nyathina. Leo utaangalia tu. Na usipumue juu ya kazi yangu."

Nyathina ni mtoto wangu kwa Kijaluo. Aliniita hivyo mpaka siku alipostaafu, ingawa wakati huo nilikuwa na watoto watatu.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii: daktari akikata kipande cha mwili wa mgonjwa ili kijulikane kina nini, kipande hicho huletwa kwetu ndani ya kichupa cha formalini, dawa ya kukizuia kisioze. Mara nyingi ni kidogo kama punje ya mtama. Tunakikausha maji, tunakizamisha kwenye nta iliyoyeyushwa, na nta ikiganda tunapata kibonge tunachokiita bloku. Bloku inafungwa kwenye mashine yenye kisu kikali, unazungusha gurudumu, na kila mzunguko unatoa ukanda mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ukanda huo unaelea juu ya maji ya vuguvugu, unauchota kwa kioo, unautia rangi. Kioo hicho ndicho slaidi, na daktari anakisoma kwa maikroskopu. Akisoma vizuri, mgonjwa anajua ana nini. Akisoma vibaya, mgonjwa hajui kwamba hajui.

Miezi ya kwanza niliharibu kila kitu kinachoharibika. Stima ikipotea, nta iliganda kabla sijamaliza. Msimu wa wale dudu wadogo wa ziwani, wanaoruka kama moshi, waliingia dirishani na kutua kwenye maji yangu ya kuelea. Siku moja daktari aliniita akiwa amekunja uso juu ya maikroskopu. Alitaka kujua kiungo kile cha ajabu kilitoka wapi kwenye mwili wa mgonjwa. Nikachungulia. "Ni mguu wa dudu, daktari," nilisema. Aliniangalia kwa muda, akaniambia ninunue neti ya dirisha. Neti ile ilifika baada ya miaka miwili.

Mzee Odhiambo alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Alisema, "Daktari haoni mkono wako, anaona slaidi. Ukimpa iliyochanika, atausoma ule mchaniko kama ugonjwa." Kwa hiyo slaidi iliyochanika haikutoka chumbani mwetu. Ilitupwa, ikakatwa nyingine. Lakini kabla ya kutupa ulipaswa kuandika katika daftari lako namba ya bloku na sababu ya kutupa. Mzee alilikagua daftari hilo kila Ijumaa, na sababu ya "sijui" hakuikubali. Nilijivunia slaidi zangu. Nasema wazi, nilijivunia sana. Madaktari waliozunguka nchi nzima waliniambia hawajaona slaidi safi kama za Kisumu, na mimi nilijifanya sijasikia ili warudie.

Mzee akastaafu, akarudi kwao Nyakach kufuga mbuzi, nami nikabaki na kiti chake.

Sasa nije kwa Wairimu.

Sisi wa chumba hiki hatuwaoni wagonjwa, tunaona fomu. Fomu ya Wairimu ilisema: mwanamke, miaka thelathini na sita, chakula kinakwama kifuani. Ni miaka kama kumi na miwili iliyopita. Upande wetu huu, mtu akisema chakula kinakwama, kila mmoja anawaza saratani ya umio, yaani ule mrija unaoshusha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Vipande vyake vinne vililetwa, nikavikata, nikavitia rangi, nikavipitisha kwenye maikroskopu yangu kama kawaida kuhakikisha rangi imeshika.

Saratani haikuwapo. Lakini niliona kitu. Ndani ya utando wa umio wake zilikuwa zimejaa seli zenye chembechembe nyekundu, kiini cha kila moja kimegawanyika mara mbili kama miwani. Seli hizo ni askari wa mwili wanaotoka wakati wa minyoo na wakati wa mzio, ile tunayoiita aleji. Kwenye umio wenye afya hazipo kabisa. Kwa Wairimu zilikuwa kama watu sokoni Kibuye siku ya Jumapili.

Daktari wetu wa slaidi wakati huo, nitamwita Daktari Onyango, alikuwa na slaidi nyingi siku hiyo na msaidizi wake alikuwa likizo. Aliandika: hakuna saratani, umio umevimba kwa sababu ya asidi ya tumbo. Nilipiga chapa majibu hayo mwenyewe. Nilitaka kusema kitu, nikajiambia kusoma slaidi si kazi yangu, kazi yangu ni kukata. Nikanyamaza.

Baada ya miezi nane fomu ya pili ilikuja. Jina lile lile, miaka thelathini na saba. Safari hii nilimuuliza muuguzi aliyekileta kichupa, "Huyu mama yukoje?"

"Ako tu hivyo," alisema. "Anakunywa uji na chai ya maziwa, zingine hazipiti. Dawa za asidi amekunywa mpaka amechoka. Watoto ameshawapeleka kwa mama yake Nyandarua. Anasema afadhali waanze kuzoea."

Nilikata vipande vile kabla ya kazi nyingine yoyote. Zile seli nyekundu zilikuwepo, nyingi kuliko mwanzo. Nikachukua slaidi, nikaenda nayo mwenyewe hadi kwa Daktari Onyango.

"Daktari, samahani. Hizi seli nyekundu, si ni nyingi kwa mtu wa asidi?"

Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Niletee ile ya kwanza."

Nilikuwa nimeishika mkononi tayari. Akaiangalia nayo. Akavua miwani.

"Wewe uliiona hii wakati ule?"

"Niliiona, daktari."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Hilo si jibu, Mama Salim."

Na kweli halikuwa jibu. Tuseme haki, yeye hakujitetea hata kidogo. Alipiga simu wodini saa ile ile na kusema, "Nilikosea." Wairimu alianzishiwa ile dawa ya kupuliza ya wagonjwa wa pumu, ila yeye aliambiwa aimeze badala ya kuivuta, ili ipake umio. Akaachishwa pia maziwa na ngano, kujaribu kama ndivyo vinavyomchokoza. Kumbe ile chai ya maziwa aliyokuwa akiinywa kwa sababu ndiyo pekee iliyopita, huenda ndiyo iliyokuwa ikimuumiza.

Miezi michache baadaye mwanamke mrefu aliyefunga leso kiunoni alisimama mlangoni kwetu na gunia dogo la viazi. Hakuna mgonjwa aliyewahi kufika kwenye chumba kile akiwa hai na kwa miguu yake.

"Natafuta mama mwenye aliona ugonjwa yangu," alisema. "Mimi ni Wairimu."

Nilimkaribisha akaketi. Alinishukuru, akasema anakula ugali sasa, na watoto wanarudi shule zikifungwa. Ningeweza kupokea viazi na shukrani, mambo yakaishia hapo. Lakini kila alivyozidi kushukuru ndivyo kiti kilivyozidi kunichoma.

"Wairimu," nilisema, "niliiona mara ya kwanza pia. Sikusema."

Aliangalia mikono yangu, si uso wangu.

"Miezi nane," akasema.

"Miezi nane."

"Mtoto wangu mdogo alikuwa ameanza kuita nyanya yake mama." Akasimama, akajifunga leso upya. Nilidhani atachukua viazi vyake. Aliviacha. Alipofika mlangoni akageuka. "Siku ingine usingoje."

Alirudi baada ya wiki tatu kunijulisha kwamba viazi vile vilikuwa vya kupondwa, si vya kukaanga, kama nilikuwa nimevikaanga. Nilikuwa nimevikaanga. Tangu hapo tumekuwa marafiki, kwa namna yetu.

Baada ya muda nilihamia kituo cha utafiti, humu humu Kisumu. Mkuu wa maabara yetu alikuwa Daktari Akinyi, ambaye wengi wenu mnamfahamu. Alikuwa amerudi kutoka masomoni na swali moja tu: ni kitu gani kinachoharibika katika utando wa umio mtu akipata aleji ya aina ile ya Wairimu? Nilipomwambia namjua mgonjwa mmoja, aliniangalia kana kwamba nimemletea mvua.

Wairimu alikuja Milimani, kliniki alikokuwa Daktari Akinyi akiwaona wagonjwa, akasikiliza maelezo yote, akaweka sahihi, na siku ya kupimwa kwa kamera inayoshushwa kooni akatoa vipande viwili vya ziada kwa ajili yetu. Kabla ya kuweka sahihi aliuliza maswali mengi kuliko wanafunzi.

"Hii jeni mnasema, mimi nimeipoteza?"

Daktari Akinyi alimweleza hivi, na sijasikia maelezo bora zaidi. Jeni ni maagizo ambayo kila seli inayabeba, na moja ya maagizo hayo ni ya kutengeneza kile kinachozishikanisha seli za utando wa umio, kama simenti kati ya matofali. Kwa watu wenye aleji hii, maagizo hayo huwa yapo, ila hayasomwi. Simenti haitengenezwi ya kutosha.

"Kwa hivyo iko," alisema Wairimu, "lakini imenyamaza."

"Ndiyo. Ila hatujui kipi kilianza. Inawezekana aleji ndiyo iliyoinyamazisha. Inawezekana kunyamaza kwake kunafungua mlango, chakula kinapenya ndani, na aleji inazidi. Njia ya kujua ni kuchukua seli nzima, tuiondoe hiyo jeni kabisa kwa mikono yetu, tuone utando utakuwaje."

Wairimu akaniangalia mimi. "Na wewe ndio utakata?"

"Mimi ndio nitakata."

"Basi sawa," akasema, akaweka sahihi.

Vipande vya Wairimu vilithibitisha kwamba kwake jeni hiyo imenyamaza. Seli zilizoondolewa jeni zilitoka kwa mtu asiye na ugonjwa, na Daktari Akinyi alizikuza mwenyewe. Zilioteshwa juu ya kitambaa chembamba ndani ya vikombe vidogo, chini kuna maji ya lishe, juu kuna hewa. Baada ya kama wiki mbili zilipangana safu juu ya safu, utando kamili wa umio usio na mtu. Nusu ya vikombe ilikuwa na seli nzima, na nusu seli zisizo na jeni. Mimi niliambiwa herufi tu, A na B, nisijue ipi ni ipi, ili macho yangu yasipendelee. Kazi yangu ilikuwa kukata kila utando ukiwa umesimama wima, safu zote zionekane kuanzia chini hadi juu, na kumpelekea slaidi.

Miezi mitatu nilikata. Miezi mitatu Daktari Akinyi alisoma. A zilikuwa nzuri, na B zilikuwa nzuri vile vile. Unene ule ule, mpangilio ule ule. Kila Ijumaa nilimwona akitoka kwenye maikroskopu mabega yameshuka kidogo zaidi. Mwishowe alituambia kwamba Alhamisi ijayo ataandika ripoti ya kufunga kazi hiyo: kuondoa jeni hakubadilishi kitu. Vikombe vingetupwa, na yeye angetafuta swali lingine. Alisema hayo kwa upole, akimenya ndizi, lakini ndizi yenyewe hakuila.

Jumanne asubuhi nilifika mapema. Sikuwa na bloku ya kukata, nikaamua kusafisha daftari langu. Bado nilikuwa naandika kila slaidi niliyoitupa na sababu yake, tabia ya Mzee Odhiambo ambayo haikuwa imenitoka. Nilikuwa nikijumlisha tu ili nifunge ukurasa. Imechanika, B. Imeachana wakati wa kuinua, B. Safu ya juu imebanduka, B. Imechanika, B. Nikarudi nyuma kurasa mbili, kisha nne. A zilikuwa mbili tu, na zote ni siku ambayo kisu kilikuwa butu. Zilizobaki zote zilikuwa B.

Nilikaa pale nikiwa nimeshika kalamu. Miezi mitatu nilikuwa nikichukua utando wa B, unaachana kidogo mkononi, nasema mkono wangu umekosea leo, natupa, nakata tena mpaka nipate kipande kilichotulia, kizuri, cha kumpendeza daktari. Sikumpa hata kimoja kilichochanika. Jibu alilokuwa akilitafuta nilikuwa nalitia kwenye pipa kila siku, na naandika tarehe.

Nitasema ukweli: wazo la kwanza lilikuwa kunyamaza. Nilikuwa nimebakiza miaka michache, na jina langu katika kazi hii lilikuwa moja tu, la slaidi safi. Lakini niliusikia mlango wa nje ukifunguliwa, nikajua ni yeye, nikainuka na daftari kabla sijapata nafasi ya kufikiri mara ya pili.

Alikuwa bado ameshika mkoba. "Mama Salim, umeamkaje?"

"Daktari, keti kwanza."

"Kuna msiba?"

"Hapana. B ndiyo isiyo na jeni?"

Alisita. Haikuwa ruhusa kuniambia. "Kwa nini unauliza?"

Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha kwa kidole mstari kwa mstari, nikamwambia nilichofanya. Alisoma kurasa zote. Nje wauza mboga walikuwa wameanza kupita.

"Miezi mitatu, Mama Salim," alisema hatimaye.

"Najua."

"Nimeshawaandikia wafadhili barua kwamba hakuna kitu."

"Najua, daktari. Nilikuwa nakupa nzuri tu."

Alifunga daftari, akaliweka mezani taratibu sana. Alitoka nje. Nilimwona dirishani akizunguka gari lake mara mbili, kisha akarudi, na sauti yake ilikuwa ya kazi. "Bloku ulizitupa pia?"

"Bloku sijawahi kutupa hata moja. Ziko zote kabatini."

"Basi leta zote. Na wewe huzigusi."

Lilian, hapo ndipo ulipoingia wewe, ulikuwa na wiki ya pili kazini na hujui kwa nini watu wazima wawili hawaongei. Ulizikata bloku zote upya, za A na za B, bila kuchagua, iliyochanika na isiyochanika zikaenda mezani pamoja. Daktari alitaka mkono mwingine ili ajue kama ni utando uliokuwa ukichanika au ni mimi tu niliyezeeka. Nami nilitaka kujua hilo kuliko yeye.

Haikuwa mimi. Kwenye slaidi za A seli zilibanana kama matofali yaliyopigwa lipu. Kwenye za B kulikuwa na nafasi kati ya seli na seli, nyufa nyeupe, na mahali pengine safu za juu zilikuwa zimebanduka kabisa. Mwezi uliofuata tukamimina maji yenye rangi juu ya vikombe vipya. Kwenye A rangi ilibaki juu. Kwenye B ilishuka hadi chini, na kama rangi inapita, maziwa na ngano navyo vinapita, vikawaamshe wale askari wekundu. Kisha Daktari Akinyi akachukua vikombe vya A, vyenye jeni yao kamili, akaviwekea ile kemikali ambayo mwili huitoa wakati wa aleji. Baada ya siku kadhaa navyo vikaanza kuwa na nyufa kama B. Kwa hiyo jibu lilikuwa pande zote mbili: aleji inainyamazisha jeni, na jeni ikinyamaza mlango unazidi kufunguka. Ni mzunguko.

Daktari aliwaandikia wafadhili barua ya pili. Sikuiona, ila aliniambia ameandika kwamba fundi wake ndiye aliyegundua kosa. Nilimwambia ni fundi wake ndiye aliyelifanya. "Hilo nimeandika pia," akasema. Hakunikasirikia tena baada ya hapo, au kama alikasirika alikwenda kukasirikia kwenye gari.

Kwa hiyo sheria ya Mzee Odhiambo nimeipunguza kidogo, Mungu anisamehe na yeye pia. Hospitalini, kwa mgonjwa, kata tena mpaka ipatikane safi. Lakini usiwahi kutupa kilichochanika bila kumwonyesha mtu. Nilimpelekea habari hiyo Nyakach, nikamkuta amekaa na mbuzi wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilisema uandike sababu," alisema. "Ile ya mkono, ulijuaje ni mkono?" Alinichinjia jogoo.

Wiki yangu ya mwisho kazini hamkunifanyia sherehe ya keki, nashukuru, kwa sababu Wairimu asingeweza kuila. Tulikwenda mchana kwenye vibanda vya samaki kando ya ziwa, Daktari Akinyi, Lilian, mimi, na Wairimu aliyekuwa amefunga biashara yake ya viazi kwa siku nzima, jambo ambalo sokoni wanalizungumza mpaka leo. Aliagiza ngege mzima wa kukaanga, mkubwa kuliko sahani, na ugali. Tulikuwa tunaongea kuhusu mvua na bei ya viazi. Alimega tonge kubwa, akalizungushia mnofu wa samaki, akatia mdomoni, akatafuna.

Daktari Akinyi alikuwa ameacha kunawa, maji yanamchuruzika kiwikoni. Lilian alikuwa ameshika glasi hewani. Mimi mwenyewe niligundua kwamba sipumui. Wanawake watatu wa sayansi tulikuwa tunaiangalia shingo ya mwenzetu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Wairimu akameza. Akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Sasa mnaangalia nini?" akauliza. "Imeshuka. Kuleni."